Swali Nililoulizwa Kitubioni

"Je, unajuta?" Hilo ndilo swali nililoulizwa na padre mzee nyuma ya wavu wa kiti cha maungamo, Jumamosi moja ya Kwaresima ya mwaka 2006, nami nikakaa kimya kwa muda mrefu hata nikawa nasikia waumini waliopanga foleni nyuma yangu wakikohoa na kusogeza miguu. Nilikuwa nimemweleza kwamba miezi michache nyuma nilifunga kizazi, kwamba mume wangu aliridhia, na kwamba daktari ndiye aliyetushauri. Padre hakunikaripia. Alinieleza kwa upole kwamba Kanisa linahesabu jambo hilo kuwa dhambi kubwa, na kwamba kwa kuwa lisingeweza kurudishwa nyuma, alichohitaji kusikia kutoka kwangu ni majuto tu. Ningesema "ndiyo", angeniondolea dhambi, na kesho yake ningepokea Komunyo pamoja na wengine. Nilishindwa kusema. Nilikuwa hai, watoto wangu wanne walikuwa na mama, na sikuona namna ya kumwambia Mungu, katika sakramenti ya ukweli, kwamba najutia jambo hilo.

Naandika haya nikiwa Mkatoliki. Nimezaliwa katika nchi ya kahawa ya Umatengo, nimebatizwa siku chache baada ya kuzaliwa, nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, nimekuwa mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo na mwanachama wa WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, na rozari yangu sijaiweka chini. Parokia ninayoizungumzia ipo nyanda za juu kusini, na siitaji, kwa sababu waliohusika ni watu ninaowaheshimu na wengine wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Wakati ule nilifikiri swali lile lilinihusu mimi peke yangu. Imenichukua miaka kuona kwamba lilimhusu pia padre niliyekuja kumpenda kama mdogo wangu.

Mimi na mume wangu tulifunga ndoa mwaka 1993. Katika mafundisho ya ndoa tulipewa sista mmoja, muuguzi, ambaye alitufundisha njia ya asili ya kupanga uzazi kwa kufuatilia ute. Alinifundisha vizuri. Nilinunua daftari la mazoezi, nikalitoboa pembeni na kulitundika kwa uzi wa katani nyuma ya mlango wa chumba, na kila jioni nikawa napaka rangi kwa penseli za wanafunzi: nyekundu kwa siku za hedhi, kijani kwa siku kavu, na siku za ute unaovutika kama wa yai nikiziacha nyeupe. Mume wangu, ambaye hakuwa amezungumza mambo haya na mtu yeyote maishani mwake, alizoea kusogeza koroboi karibu na mlango na kuniuliza, "Mama Beni, leo rangi gani?" Sitaidharau njia hiyo hata siku moja. Ilimfundisha mwanamume wa kijijini kwamba mwili wa mkewe una majira yake, na kwamba kuna siku za kungoja, na jirani yangu mmoja aliitumia miaka 12 bila tatizo lolote. Kwake ilikuwa karama.

Kwangu haikuwa hivyo. Mzunguko wangu haukuwahi kuwa na hesabu. Mwezi mmoja siku 25, mwezi mwingine siku 40, na malaria ikipita, au nikiwa nanyonyesha, daftari lote linakuwa jeupe kwa majuma mfululizo. Mtoto wa tatu alizaliwa kwa upasuaji. Wa nne vilevile, na safari hiyo shinikizo la damu lilipanda hadi nikalazwa majuma mawili. Tulijizuia kwa miezi mingi, tukifanya kila tulichofundishwa, na bado mwanzoni mwa mwaka 2005 nikapata mimba ya tano.

Ilipofika miezi saba miguu ilivimba, kichwa kikauma kwa namna ambayo sijawahi kuumwa, nikaanza kuona nyota nyota mbele ya macho. Kilichofuata nimesimuliwa tu, kwa sababu nilishikwa na kifafa cha mimba nikiwa jikoni, na nikapelekwa hospitali ya misheni nyuma ya gari la kubebea kahawa huku mume wangu akiwa amenishika kichwa. Walinipasua usiku uleule. Nilipopata fahamu siku ya tatu, binti yetu alikuwa ameishi siku mbili na amekwisha kuzikwa. Muuguzi alimbatiza kwa maji ya kikombe. Padre alikuwa vigangoni, yaani kwenye makanisa madogo ya mbali ya parokia, hivyo aliyemzika alikuwa katekista wetu, mwenye watoto sita, ambaye alitembea na mume wangu kutoka hospitali hadi makaburini akiwa amebeba kile kisanduku yeye mwenyewe.

Daktari alitueleza kwamba kovu la mji wa mimba lilikuwa limekuwa jembamba mno, na kwamba mimba nyingine ingeweza kulipasua au kurudisha kifafa, na yeye hakuwa na hakika ya kuniokoa tena. Mume wangu akauliza kwa nini hawakufunga kizazi usiku ule ambapo tumbo lilikuwa wazi tayari. Daktari, Mkatoliki kama sisi, alitazama chini kwanza, kisha akasema kwamba hospitali ile ni ya Kanisa na jambo hilo halifanyiki pale, lakini hospitali ya serikali wanafanya. Ndivyo ilivyokuwa kwamba baada ya miezi miwili, kidonda cha kwanza kikiwa hakijakomaa vizuri, nilipanda basi kwenda kukatwa mara ya pili. Jambo hilo bado linaniuma. Kisu cha pili hakikuhitajiwa na ugonjwa wangu. Kilihitajiwa na sheria.

Kwa kuwa sikuweza kujibu swali la padre, sikupata maondoleo, na kwa kuwa sikupata maondoleo, nilikaa zaidi ya miaka mitatu bila kupokea Komunyo. Mtu asiyeishi katika parokia ya kijijini hawezi kujua maana yake. Benchi zima linasimama, wewe unabana magoti pembeni ili wengine wapite, na wakirudi unabana tena. Wanafunzi wangu walinipita. Mwanangu wa kwanza, aliyepokea Komunyo ya Kwanza katika miaka hiyo, aliniuliza njiani kwa nini mimi sikwenda, nikamwambia ni mambo ya wakubwa. Katika jumuiya hakuna aliyesema neno mbele yangu, lakini nilipogombea tena uenyekiti, mama mmoja alikumbusha kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kiongozi anatakiwa awe anapokea sakramenti.

Mama mkwe wangu, ambaye alizaa mara tisa na kuzika mara nne, alikuwa na neno lake moja juu ya mapadre na mambo ya ndoa: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nililishika neno hilo kama ngao. Baadaye liligeuka likanielekea mimi mwenyewe, nami nitalieleza.

Miaka ile ya kukaa benchini nilianza kusoma. Nilisoma waraka wa Papa Paulo wa Sita, Humanae Vitae, wa tarehe 25 Julai 1968, na nilishangaa kuona kwamba si waraka mkali kama nilivyodhani. Unazungumza kwa heshima juu ya wazazi wanaopanga idadi ya watoto wao kwa kuwajibika. Unaonya kwamba mwanamume aliyezoea dawa za kuzuia mimba anaweza kumgeuza mkewe chombo, na kwamba serikali zinaweza kutumia dawa hizo kuwalazimisha watu, na mimi nimewaona akina mama wakichomwa sindano bila kuelezwa ni ya nini, kwa hiyo siwezi kusema kwamba Papa alikuwa anaota. Lakini nilisoma pia kwamba kabla ya waraka huo kulikuwa na tume, iliyoanzishwa na Papa Yohane wa Ishirini na Tatu mwaka 1963 na kupanuliwa na Paulo mwenyewe, ambamo waliitwa madaktari, wanateolojia, maaskofu na hata watu wa ndoa. Patrick na Patty Crowley, mume na mke kutoka Chicago, waliipelekea tume hiyo barua za wanandoa Wakatoliki waliokuwa wakiishi kwa kalenda na kipimajoto, na mambo waliyoyaandika mle ni yaleyale ya daftari langu la nyuma ya mlango. Mwaka 1966 wengi katika tume ile walishauri fundisho libadilishwe. Papa alipima, akaona kwamba hawezi kuachana na alichofundisha Pius wa Kumi na Moja mwaka 1930, akaamua vingine.

Alikuwa na mamlaka ya kuamua hivyo, na silikani hilo. Kinachonisumbua ni kwamba watu wa ndoa waliitwa, wakasema, wakasikilizwa, na kisha uzoefu wao haukuonekana popote katika jibu, isipokuwa kama udhaifu wa kuhurumiwa.

Kuna hati nyingine, fupi mno, iliyonigusa zaidi ya waraka wenyewe. Tarehe 31 Julai 1993, mwaka uleule tuliofunga ndoa, Shirika la Mafundisho ya Imani la Vatikano lilijibu swali lililokuwa karibu sana na langu: je, mwanamke ambaye mji wake wa mimba umedhoofishwa na upasuaji wa uzazi, kiasi kwamba mimba ijayo itakuwa hatari, anaweza kuondolewa mji huo au kufungwa mirija? Jibu likawa hapana, kwa sababu kovu lenyewe halimwui leo. Hatari itakuja tu akishika mimba. Mwaka 2018 shirika hilohilo liliulizwa tena, na safari hii likasema kwamba ikiwa madaktari wana hakika kwamba mji wa mimba hauwezi tena kubeba mtoto hadi afikie kuweza kuishi nje, inaruhusiwa kuuondoa. Hali yangu haikufikia kipimo hicho, kwa hiyo sikufunguliwa mlango na jibu hilo. Lakini niliona kwamba mlango ambao niliambiwa ni ukuta ulikuwa na bawaba.

Mwaka 2009 tuliletewa paroko msaidizi kijana. Parokia yetu ilikuwa na vigango tisa, na yeye ndiye aliyevizunguka kwa pikipiki. Wakati wa masika, barabara zikikatika, kigango chetu kilikaa majuma matano hadi sita bila Misa. Jumapili hizo tuliongozwa na katekista, yuleyule aliyemzika binti yangu. Alisoma Injili, akatoa mafundisho, akaombea wagonjwa, akatutangazia matangazo, akafunga kanisa. Alimjua kila mtu kwa jina na kwa deni lake dukani. Asingeweza kutuadhimishia Misa wala kumpaka mgonjwa mafuta, kwa sababu alikuwa na mke. Siku moja mzee wa jirani alilala siku mbili akiwa anamwulizia padre, na padre alikuwa ng'ambo ya mto uliofurika. Mzee akafa mkononi mwa katekista, akiwa amesaliwa sala zote isipokuwa ile aliyoitaka.

Nilipenda kumuuliza Baba Askofu, kama ningepata nafasi, swali la kawaida kabisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, umetufundisha kwamba Ekaristi ni chemchemi na kilele cha maisha yote ya Kikristo. Mtaguso huohuo, katika hati yake juu ya mapadre, umekiri kwamba useja haudaiwi na upadre kwa asili yake. Petro alikuwa na mama mkwe, na Bwana alimponya homa. Wakatoliki wenzetu wa madhehebu ya Mashariki, wa Ukraine na Lebanoni, wana mapadre wenye wake, na wako chini ya Papa huyuhuyu. Sheria inayotufunga sisi wa Kilatini, yaani wa Kanisa la Magharibi, ilikazwa mwaka 1139 katika Mtaguso wa Pili wa Laterano. Basi ikiwa kimoja lazima kipungue, kati ya Misa na sharti la useja, kwa nini kinachopungua kila mara ni Misa? Maaskofu wa Amazonia, ambao vigango vyao viko mbali kuliko vyetu, waliliuliza hilo katika Sinodi ya Oktoba 2019, na kwa kura 128 dhidi ya 41 wakaomba wanaume wenye ndoa na sifa njema wapewe upadre. Papa Fransisko alipotoa waraka wake mwezi Februari 2020 hakusema ndiyo wala hapana juu ya ombi hilo. Niliusoma waraka huo mara mbili nikilitafuta jibu.

Yule padre kijana aliungamisha watu akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mparachichi, nje ya kanisa la kigango. Nilikwenda kwake katika Majilio ya mwaka wake wa kwanza, bila kutarajia chochote, nikamweleza yote na mwisho nikamwambia mapema kwamba sijuti. Alinyamaza. Kisha akaniuliza jina la mtoto. Hakuna padre aliyewahi kuniuliza jina lake. Nilipomtajia alilirudia, akafanya ishara ya msalaba, ndipo akaniambia kwamba Mtaguso unafundisha kuwa wazazi wenyewe ndio wanaopaswa kutoa hukumu hii mbele ya Mungu, wakiongozwa na dhamiri inayolisikiliza Kanisa, na kwamba yeye haoni mbele yake mtu aliyelidharau Kanisa. Akanitaka niungame yale ninayojua moyoni kuwa ni dhambi, na nilikuwa nayo ya kutosha, pamoja na chuki dhidi ya padre mzee. Najua wapo watakaosema alikosea. Nimewasikiliza, na hoja yao naielewa, kwa sababu dhamiri si ruhusa ya kila mtu kujifanyia atakavyo. Lakini Jumapili iliyofuata nilipita katikati ya kanisa na kupokea, na mikono ilinitetemeka hata mama wa nyuma yangu akanishika kiwiko.

Sasa lile neno la kunguni. Siku moja ya Noeli, padre huyo alikuwa amesoma Misa vigango vitatu, na WAWATA walinituma jioni nimpelekee chakula. Nilimkuta peke yake katika nyumba ya mapadre, paroko akiwa amesafiri na mpishi amekwenda kwao kula sikukuu. Taa za sola zilikuwa zimekwisha nguvu. Amekaa gizani na viatu vyake vya matope, anakula ugali wa mchana uliopoa, sahani ameiweka magotini. Kwetu hata mfiwa hatumwachi ale peke yake. Aliniambia, "Karibu, Mama Beni," kwa furaha iliyozidi kiasi, akaanza kuulizia watoto mmoja mmoja ili nisiondoke upesi. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba na mimi kuna kitanda sijakilalia, na kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nimewahukumu watu hawa bila kujiuliza hata mara moja wanalala vipi.

Nimewajua mapadre ambao useja ni uhai wao, watu walio huru kama upepo, na sitaki mtu awaonee haya. Padre mzee aliyeninyima maondoleo alikuwa mmoja wao, na alipofariki nililia. Bwana mwenyewe alipozungumza juu ya wasiooa kwa ajili ya ufalme wa mbinguni alisema awezaye kulipokea na alipokee. Na Paulo akaandika kwamba kila mtu ana karama yake kutoka kwa Mungu. Ndivyo ilivyokuwa njia ya asili kwa jirani yangu. Mashaka yangu yote yako mahali hapo pamoja: karama inapofanywa sharti, asiyejaliwa karama hiyo anabeba sheria bila neema ya kuibebea, na kisha anaulizwa kama anajuta.

Mwaka 2016 padre kijana aliacha huduma ili aoe. Tangazo lilisomwa baada ya Komunyo, sentensi tatu. Watu walimtukana kwa jina la Milingo, askofu mkuu wa zamani wa Lusaka aliyeoa mwaka 2001 katika harusi ya pamoja iliyoongozwa na Sun Myung Moon, mwanzilishi wa dini kutoka Korea, na kutengwa na Kanisa miaka mitano baadaye, ingawa huyu wetu hakuanzisha vuguvugu lolote wala kumpinga mtu. Mwanamke wake alisemwa vibaya kuliko yeye. Aliitwa shetani, na ndugu zake wakaacha kuja jumuiya. Wengine walisema kwa heshima zaidi kwamba ahadi ni deni. Hilo ni kweli, na yeye alilijua. Lakini na mimi nilitoa ahadi. Siku ya ndoa tuliulizwa mbele ya altare kama tuko tayari kuwapokea kwa upendo watoto ambao Mungu atatujalia, nikajibu ndiyo nikiwa na miaka 23, bila kujua mwili wangu ungeweza nini. Naye alijibu ndiyo yake akiwa kijana wa seminari. Tulisema kweli wote wawili, kwa kadiri tulivyojua siku hiyo.

Ameandika Roma kuomba afunguliwe ahadi yake, na bado anangoja. Kwa sasa hajafunga ndoa ya Kanisa na hapokei. Anafundisha hisabati katika sekondari ya kata, na kila Jumapili anakuja na familia yake, anakaa benchi la mwisho upande wa wanaume, mahali nilipokuwa nakaa ni mkabala na pale. Wakati wa Komunyo anabana magoti pembeni ili watu wapite. Binti yao wa miaka minne ananishika kanga tunapokwenda mbele, na padre wa sasa humwekea kidole gumba kwenye paji la uso na kumfanyia msalaba. Tukirudi anakimbilia kwa baba yake na kuinua uso, na baba yake humbusu palepale alipoguswa.